Naunga kompyuta yangu ya kwanza ya gemu hapa Tanga, nimekwama kwenye pawa saplai

Kijana wa Makorora

Salaam wakuu. Nawasoma humu muda mrefu bila kuchangia, leo nimekwama, naomba mnisaidie.

Mwaka mzima nadunduliza hela ya kuunga kompyuta ya gemu, ya kwanza maishani mwangu. Mkononi nina prosesa Ryzen 5 5600 mpya kwenye boksi lake, kadi ya grafiki RX 6600 ya GB 8 niliyonunua kwa jamaa aliyehama mji, na kasha lenye feni tatu. Vimebaki pawa saplai (boksi la kugawa umeme), mazabodi (ubao unaobeba vifaa vyote), RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kuhifadhi). Monita ninayo, ya zamani ya ofisini, itanifaa kwa kuanzia.

Hela iliyobaki ni laki saba. Sasa hapa mjini nimeona pawa saplai imeandikwa 600W kwa elfu arobaini na tano. Mtu wangu aliyeko Kariakoo ananiambia ipo ya wati 550, 80 Plus Bronze, laki moja na sitini. Yaani yenye wati chache ndiyo bei yake zaidi ya mara tatu. Hiyo laki na ushee ningeitia kwenye RAM nikachukua GB 32. Wazoefu, kuna sababu ya kulipa zaidi, au nalipia jina tu?

Fundi wa Ngamiani

Mwanangu, usitoe hela kwanza. Rudi dukani, ishike hiyo 600W, igeuze ubavuni. Kuna stika yenye jedwali. Niandikie namba zote kama zilivyo. Na ukiwa umeishika, sikilizia uzito wake.

Kijana wa Makorora

Nimetoka huko sasa hivi, kaka. Stika inasema hivi:

+3.3V: 24A
+5V: 28A
+12V: 16A
-12V: 0.3A
+5VSB: 2A

Uzito ni mdogo sana, nimeinyanyua kwa vidole viwili. Waya wa pini 8 wa kadi ya grafiki haina kabisa, muuzaji kasema atanipa kiunganishi cha kubadilisha.

Fundi wa Ngamiani

Jibu lako liko kwenye mstari wa tatu. Zidisha volti kwa ampea: 12 mara 16 ni wati 192. Prosesa na kadi ya grafiki karibu zote zinakula kwenye hiyo 12V. RX 6600 peke yake imepangiwa wati 132. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65 kwenye boksi, lakini kiwandani imeruhusiwa kufika 76. Jumlisha, unapata 208. Umeshapita uwezo wa hiyo pawa saplai kabla hujahesabu mazabodi, SSD wala feni hata moja.

Utauliza hizo 600 zimetoka wapi. Wamerundika za 3.3V na 5V, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo tu, halafu juu wakaandika namba ya kupendeza. Zamani prosesa zilikula kutoka 5V. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2000, zama za Pentium 4, ilipoongezwa soketi ya pekee ya 12V kwa ajili ya prosesa. Hiyo unayoshika dukani, mchoro wake wa ndani bado ni wa zama zile.

Sasa mwambie mtu wako wa Kariakoo akupigie picha stika ya ile 550. Angalia 12V tu.

Kijana wa Makorora

Kanitumia. +12V: 45A.

12 × 45 = 540.

Mkuu, nimekaa kimya kwanza. Kumbe ile ya 600 ni ya 192, na ya 550 ni ya 540.

Msambaa wa Mjini

Nami niongeze langu. Kwa laki saba si lazima apite njia ndefu. Dell Optiplex, kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya, zimejaa, unachukua moja, unachomeka kadi ya grafiki GTX 1650, unacheza. Mimi nimecheza hivyo miaka miwili. Kadi hiyo kwa kawaida inakula wati 75, zote inazichukua kwenye soketi ya mazabodi bila waya wa pembeni, kwa hiyo pawa saplai ya wati 240 iliyokuja na mashine inamudu.

Fundi wa Ngamiani

Msambaa uko sahihi kwa mtu anayeanza mikono mitupu. Huyu tayari ana RX 6600, inayotaka waya wa pini 8, na Optiplex nyingi hazina waya huo. Tena kwenye nyingi za miaka ya karibuni, soketi ya umeme kwenye mazabodi si ile ya pini 24 ya kila mahali, wameweka yao wenyewe. Siku ukitaka kubadilisha pawa saplai unaanza kutafuta nyaya za kuunganishia. Ila kwa mdogo wako anayetaka gemu la mpira tu, ni ushauri mzuri.

Kijana wa Makorora

Sawa, wazo la 600W nimelitupa. Lakini je, wati 450 zenye 80 Plus zisingetosha? Bei inashuka kidogo. Na hiyo 80 Plus yenyewe ni nini hasa?

Fundi wa Ngamiani

Zingetosha. AMD wenyewe kwa RX 6600 wanashauri kuanzia 450. Kompyuta yako nzima gemu likichachamaa sidhani kama itapita 260. Lakini kadi ya grafiki haili umeme kwa utulivu, ina vipindi vya sekunde pungufu ya moja ambapo inaruka juu ya wati zake zilizoandikwa, halafu inarudi. Pawa saplai iliyobanwa ndiyo hapo inapozima kompyuta katikati ya mechi. Na mwakani ukipata kadi ya RTX 3060, hiyo inakula 170, watengenezaji wake wanashauri 550. Nunua mara moja.

80 Plus ni kipimo cha upotevu. Umeme ukiingia kutoka ukutani, sehemu inageuka joto kabla ya kufika kwenye vifaa. Bronze kwa kipimo cha volti 115 lazima ipitishe angalau asilimia 85 ikiwa imebeba nusu ya uwezo wake, Gold asilimia 90. Kwa 230 yetu hali huwa nzuri kidogo zaidi. Kwa hiyo kompyuta yako ikihitaji 260, ukutani itavuta kama 300. Ukicheza saa nne ni yuniti 1 na ushee kwenye LUKU. Tofauti ya Bronze na Gold kwako ni ndogo, usiumize kichwa.

Ila 80 Plus haisemi kila kitu. Kwenye maelezo tafuta ulinzi: OVP, OCP, OPP, SCP. Maana yake, volti zikizidi, mkondo ukizidi, mzigo ukizidi au nyaya zikigusana, inajizima yenyewe. Zile nyepesi nilizofungua mezani kwangu, mara nyingi nafasi za vifaa hivyo zimechorwa ubaoni na zimeachwa tupu. Ikifa inakufa na wenzake.

Binti Sahare

Naomba nieleze la kwangu, maana sitaki mtu mwingine alipitie.

Mimi nahariri video za harusi. Pawa saplai yangu ilikuwa ya zile ambazo nyaya zake zinachomoka pande zote mbili. Ilipochoka nikanunua nyingine, ya kampuni ileile, toleo tofauti. Nikasema kwa nini nijisumbue kupitisha nyaya upya, za zamani zimeshalala vizuri nyuma ya mazabodi. Nikachomoa boksi la zamani, nikachomeka jipya kwenye nyaya zilezile. Ziliingia bila kulazimisha hata kidogo, ndiyo maana sikushtuka.

Nikawasha. Feni zilizunguka nusu duara zikasimama. Harufu nyembamba kama ya plastiki kwenye jiko. Diski yenye harusi tatu haikuwaka tena, nayo SSD ikafuata. Upande wa kwenye vifaa pini zimepangwa sawa karibu dunia nzima, lakini upande wa kwenye pawa saplai kila toleo lina mpangilio wake. Pale SSD ilipotarajia 5V ilipokea 12V. Harusi mbili nilikuwa na nakala. Ya tatu sikuwa nayo, nikaenda kwa bibi harusi na mama yake kuwaambia uso kwa uso.

Kijana, pawa saplai mpya, nyaya zake mpya. Zile za zamani zifunge mfukoni uziandike zilikotoka, au zitupe.

Kijana wa Makorora

Pole sana dada. Nimeisoma mara mbili. Nashukuru kwa kuandika.

Fundi wa Ngamiani

Pole dada. Na mimi nina la kuongeza kwa wanaoletewa kompyuta na ndugu kutoka Marekani. Pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ndogo nyuma, imeandikwa 115 na 230. Kule wanatumia 115 au 120, sisi 230. Mteja mmoja aliletewa na kaka yake, akaifikisha nyumbani usiku, akaichomeka bila kugeuza swichi. Aliponiletea nikaifungua: zile kapasita mbili kubwa zimepasuka vichwa, na ndani kote kumejaa vipande vya karatasi na unyevu wa ile dawa yao, kama mtu kapepeta pumba humo. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti inaongeza volti mara mbili. Ukiipa 230, kila kapasita iliyotengenezwa kwa volti 200 inabebeshwa zaidi ya 300. Za kisasa nyingi zinajirekebisha zenyewe, stika inasema 100-240V. Soma kabla ya kuchomeka.

Mzee wa Bandarini

Wanangu, mimi nimestaafu, kazi yangu ilikuwa umeme. Mnazungumza vizuri habari za boksi, lakini hamjagusa ukuta. Kijana, nyumba yenu ina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini?

Kijana wa Makorora

Shikamoo mzee. Kusema kweli sijui. Soketi zina matundu matatu. Ila kuna kitu: kompyuta ya ofisini kwa mjomba, nikigusa kasha nikiwa peku nasikia kama sisimizi wanatembea mkononi. Nilidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Mzee wa Bandarini

Marahaba. Hao sisimizi ndio jibu. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, zimeunganishwa kwenye bati la kasha. Kazi yake ni kusukuma uchafu huo kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, bati linabaki linaelea kwenye kama nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, haukuui, lakini siku kitu cha ndani kikiungua na waya wa moto ukagusa bati, hakuna pa kupitia isipokuwa wewe uliyesimama peku sakafuni.

Tundu la tatu kwenye soketi si ushahidi. Nimefungua soketi nyingi za nyumba zetu hapa nikakuta tundu la juu halina waya wowote nyuma, au waya upo na unaishia kwenye fimbo ya nje iliyokwisha kuliwa na chumvi. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime. Hiyo ni kabla ya kununua RAM. Na msitumie vile viplagi vya kubadilisha pini tatu kuwa mbili, hapo mnaikata ethi kwa mikono yenu.

Kijana wa Makorora

Mzee wangu, nashukuru sana. Jumamosi fundi anakuja.

Binti Sahare

Na UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, usisahau. Siku hizi kwetu umeme ukikatika hauniumizi, unaniumiza ukirudi, maana unarudi kwa kishindo. Mimi nikiona umekatika nazima swichi ya ukutani, ukirudi nasubiri dakika tano ndipo nawasha.

Fundi wa Ngamiani

Kwenye UPS soma wati, usisome VA (volti mara ampea). Ya 650VA kwa kawaida inabeba kama wati 360 hadi 390. Wewe ukijumlisha monita uko 320 hivi ukutani, itapumua kwa shida. Chukua ya 1000VA yenye wati 600 hivi, nayo ni ya kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, usiitegemee kumaliza mechi. Iwe na stabilaiza ndani.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. UPS za bei ya chini zikihamia kwenye betri zinatoa umeme wa ngazi-ngazi, si ule unaopanda na kushuka kwa ulaini kama wa ukutani. Pawa saplai nyingi nzuri zina sakiti ya PFC, ya kurekebisha jinsi zinavyovuta umeme, na baadhi zikipewa umeme huo zinajizima papo hapo. Kabla ya kulipa, omba muuzaji achomoe UPS ukutani kompyuta ikiwa imewaka. Ikizima, mrudishie.

Kijana wa Makorora

Sasa nikiondoa pawa saplai laki moja na sitini, na fundi umeme, na UPS, GB 32 za RAM zimekwenda na maji. Nisaidieni kugawa kilichobaki.

Fundi wa Ngamiani

GB 16 zinakutosha, lakini ziwe mbili za 8, usinunue moja ya 16. Mbili zinafanya kazi pamoja, prosesa inasoma kwenye njia mbili, na Ryzen tofauti hiyo inaionyesha wazi. Chukua aina ya DDR4, yenye kasi ya 3200. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, chomeka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiwasha ingia BIOS, programu ya mwanzo ya mazabodi, uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo zitakimbia 2133 au 2666 na hutajua.

Mazabodi ni B550, au B450 ukiipata safi. B450 ilitoka kabla ya prosesa yako, inaweza kuikataa mpaka BIOS iwe mpya. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako na prosesa ya familia ya Ryzen 5000. Baadhi zina kitufe nyuma cha kupandisha BIOS kwa flashi bila prosesa, hizo zina raha yake. A520 nayo ingewasha, lakini RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mazabodi, na A520 na B450 zinazipa kasi ya kizazi cha 3. B550 inazipa ya 4. Kama tofauti ya bei si kubwa, B550.

SSD ni NVMe, ile ya kasi, ya TB 1. Gemu moja kubwa siku hizi linapita GB 100, ya GB 500 utakuwa unafuta kila wiki.

Binti Sahare

Na vitu vije kila kimoja kwenye boksi lake. Usikubali wakuungie Kariakoo halafu wakupakilie kwenye basi. Kutoka Dar mpaka Segera, halafu Muheza, matuta ni mengi, na kadi ya grafiki ikining'inia kwenye soketi yake inaweza kuing'oa.

Msambaa wa Mjini

Kijana, kwenu mko mbali na bahari kidogo. Mimi napanga Raskazone na skrubu za kasha langu zilianza kutu mwaka wa kwanza. Usiweke kompyuta dirishani kunakopigwa na upepo wa kusi. Iweke juu ya stuli, chujio la chini la pawa saplai lioshe kila mwezi. Feni ya pawa saplai itazame chini, kama kasha lako lina matundu huko.

Kijana wa Makorora

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Fundi umeme alifungua soketi ya chumbani kwangu: tundu la tatu tupu, kama alivyosema mzee. Waya wa ethi ulikuwepo ndani ya bomba, umekunjwa, haujaunganishwa na kitu. Nje fimbo ilikuwa imekatika chini ya mchanga. Ameweka mpya na kupima mbele yangu. Baba alisimama pale mpaka mwisho, halafu akamwambia aendelee na vyumba vyote.

Mzigo ulishuka na basi la jioni, maboksi manne. Pawa saplai niliinyanyua kwa mikono miwili. Waya wa prosesa umeandikwa CPU, wa kadi umeandikwa PCIe, yote ya pini 8, na nilikaa nayo chini ya taa kwanza kuhakikisha, kwa sababu ukiangalia rangi, njano na nyeusi zimepangwa kinyume.

Kuwasha kwa mara ya kwanza: feni zote zinazunguka, monita nyeusi. Nilitetemeka. Nikachomoa RAM nikairudisha, bado. Saa sita usiku ndipo nikaona nimechomeka waya wa monita kwenye mazabodi, wakati Ryzen 5 5600 haina grafiki zake yenyewe. Nikauhamishia kwenye kadi, picha ikaja palepale. XMP nimeiwasha, inasoma 3200.

UPS niliyochukua ina kioo kidogo kinachoonyesha wati. Gemu likichachamaa, pamoja na monita, inacheza kwenye 280 hadi 295. Nikiwa nasoma humu tu, 70 na kitu. Juzi umeme ulikatika nikiwa ndani ya mechi, UPS ikalia, nikatoka, nikazima, nikachomoa. Nimegusa kasha nikiwa peku, sisikii kitu.

Fundi, swali moja limebaki: SSD inafika nyuzi 68 gemu likipakia, na mazabodi ilikuja na bati lake la kupoza ambalo sijalifunga, maana sikuelewa ile karatasi ya buluu chini yake. Inabanduliwa au inaachwa?

Fundi wa Ngamiani

Inabanduliwa. Chini yake kuna kama ulimbo laini, huo ndio unaogusa SSD na kupitisha joto. Bandua, laza bati taratibu, kaza skrubu bila kulazimisha. Halafu nipe nyuzi mpya.

Kijana wa Makorora

54.